Stika ya Hamsini, Serikali Mbili

Jumamosi ya tarehe 28 Juni 2025, saiba moja karibu na stendi ya matatu ya Nkubu ilijaa hadi mlangoni. Zilikuwa zimebaki siku mbili dirisha la marejesho ya ushuru lifungwe, na karibu kila aliyekuwa kwenye foleni alikuwa na nambari ya PIN aliyoichukua miaka mingi iliyopita, mara nyingi kwa ajili ya kuomba mkopo wa HELB, pamoja na hofu ya faini ya shilingi 2,000. Kijana wa saiba hakuwa na muda wa salamu. Kila anayeketi alimuuliza neno moja tu: "Nil?" Ukijibu ndiyo, kidole kinabofya mara nne tano, karatasi inatoka kwenye printa, unatoa hela, anaitwa mwingine.

Ilipofika zamu ya mpwa wangu, jibu halikutoka. Alinitazama mimi, akamtazama kijana, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeungama, "Si nil. Mimi husuka nywele. Na kuna picha naziuzanga."

Nyuma yetu mzee mmoja aliguna. Foleni ilijua kwamba imepata mtu wa kuichelewesha.

Picha zenyewe ni hizi: wahusika wa katuni za Kijapani wenye macho makubwa na nywele za rangi zisizopatikana salun yoyote ya Imenti Kusini. Huzichora usiku, akishafunga kibanda chake cha kusuka, vidole vikiwa bado vinanuka mafuta ya nywele. Alianza kwa penseli nyuma ya vitabu vya shule. Sasa anachora kwenye simu, kwa kalamu ya kugusa kioo, halafu anazipeleka kuchapishwa: nyingine stika, nyingine printi za kubandika ukutani, nyingine vishikio vya funguo. Mara moja kwa mwaka hubeba katoni magotini ndani ya matatu, Igoji, Chuka, Embu, hadi Nairobi, akakodi meza kwenye tamasha la mashabiki wa katuni. Wanaofuatilia mambo hayo wanayajua majina ya matamasha hayo, NAICCON na Otamatsuri. Wasioyafuatilia, kama mimi kabla ya mtoto huyu kunifundisha, wafikirie maonyesho ya kilimo ya pale Gitoro, ila mahali pa ng'ombe wa maziwa waweke vijana waliovaa mapanga ya maboksi.

Dada yangu huita kazi hiyo mchezo. Mpwa wangu naye huiita hobi. Swali lililotuleta saiba ni kama KRA, mamlaka ya ushuru, nayo ina jina la hobi katika vitabu vyake.

Haina. Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, iliyoanza kutumika mwaka 1974, inatoza faida ya biashara yoyote, "kwa muda wowote itakaoendeshwa". Nimeyaweka maneno hayo kwa Kiswahili changu, lakini maana ndiyo hiyo: siku mbili za tamasha zinatosha. Na inapoeleza biashara ni nini, haikomei kwenye duka na kiwanda. Inataja ufundi, taaluma na hata jaribio lolote lenye sura ya uchuuzi. Mtu anayechora kwa raha yake na kuwagawia marafiki picha hana deni na mtu. Akishakwenda kwa mchapishaji na kuagiza stika 300 kwa nia ya kuziuza, ameshavuka kizingiti, hata kama moyoni bado anacheza.

Hapo ndipo wachoraji wengi hupotea, na hupotea kwa njia mbili zinazopingana. Kuna wanaodhani kwamba kwa kuwa ni hela ndogo, haziihusu KRA kabisa, basi kila Juni wanajaza nil huku simu imejaa ujumbe wa malipo. Kuna pia wanaoogopa hadi kuacha, wakiamini kwamba wakijiandikisha tu, serikali itawakalia kichwani. Wote wangepumua wakikaa chini na daftari.

Daftari la mpwa wangu ni la kurasa 96, la jalada la bluu. Upande mmoja kuna michoro ya mikono, maana mikono ndiyo inayomshinda, na upande wa pili kuna hesabu. Ukurasa wa tamasha la 2024 nilimwomba aniruhusu kuunakili. Stika 214 kwa shilingi 50, jumla 10,700. Printi ndogo 58 kwa 300, jumla 17,400. Printi kubwa 9 kwa 700, jumla 6,300. Vishikio vya funguo 23 kwa 300, jumla 6,900. Siku mbili, shilingi 41,300. Chini yake, kwa wino mwekundu, yaliyotoka: uchapishaji 13,800, meza 7,000, nauli ya kwenda na kurudi 1,600, bango 1,500, plastiki za kufunikia 900. Alikuwa pia ameandika chakula na wigi jekundu alilovaa ili afanane na mhusika wake. Chakula nilikifuta mwenyewe, maana sheria haimrudishii mtu pesa ya tumbo lake. Kuhusu wigi tulibishana. Sheria inataka gharama iliyotumika kikamilifu, kwa ajili ya kutafuta mapato hayo tu. Yeye alisema bila wigi watu wasingesimama mezani. Mimi nikamkumbusha kwamba alilivaa tena Krismasi. Wigi likatoka.

Ukichukua 41,300 ukatoa 24,800, inabaki 16,500. Si haba kwa wikendi moja, ila kumbuka usiku aliokesha.

Sasa ushuru. Watu wengi wakisikia mfanyabiashara mdogo hukumbuka TOT, ushuru unaotozwa juu ya mauzo ghafi, kabla hujatoa gharama. Umekuwa kama kinyonga. Ulianza 2008 kwa asilimia 3. Ukaondolewa na nafasi yake ikachukuliwa, kuanzia Januari 2019, na ushuru wa kukadiria uliokuwa asilimia 15 ya ada ya leseni ya biashara. Januari 2020 ukarudi, Aprili mwaka huo huo wakati wa korona ukashushwa hadi asilimia 1, na tangu Julai 2023 umepanda tena hadi asilimia 3. Unamhusu mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka, na hulipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Ukifikisha milioni 5 kwa mwaka, unaingia pia kwenye VAT ya asilimia 16. Mchoraji wa stika anayefika huko hahitaji makala ya gazeti, anahitaji mhasibu.

Sipendi TOT kwa watu wa sanaa, na sababu iko kwenye daftari. Kwenye 41,300, TOT ingekuwa 1,239, na ingekuwa hiyo hiyo hata kama mvua ingenyesha, watu wasije, na uchapishaji ukala kila kitu. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Machakos ilitupa nje ushuru mwingine, ule wa chini kabisa wa asilimia 1 ya mauzo, ikiona kwamba unatoza mauzo badala ya faida, na Desemba 2022 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo. TOT imebaki, na angalau inaruhusu mtu kumwandikia kamishna na kusema, mimi nitozeni kwa faida kama wengine. Wangapi wanalijua hilo? Sijakutana na mchoraji hata mmoja.

Lakini mpwa wangu hafiki milioni. Mauzo yake yote ya 2024, ya kusuka na ya picha, hayakufika hata nusu ya milioni. Kwa mtu kama yeye TOT haipo. Anarudi kwenye njia ya kawaida: faida ya mwaka mzima, inayojazwa mara moja, mwisho tarehe 30 Juni, kwa viwango vile vile vya mwalimu na karani wa benki. Shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, na 100,000 zinazofuata asilimia 25. Kila mkazi ana nafuu ya shilingi 28,800 kwa mwaka. Asilimia 10 ya 288,000 ni 28,800 hasa. Kwa hiyo asiyezidi 288,000 za faida anajaza fomu, anaandika kila kitu, na mwisho wa fomu unakuta sufuri. Sufuri hiyo ni tofauti na nil. Ya kwanza ni ya mtu aliyesema alichopata, ya pili ni ya mtu aliyesema hakupata kitu.

Tukaketi basi tujaze. Mwenye mshahara pekee ana fomu nyepesi ya mtandaoni. Mwenye biashara hupewa faili la Excel la kupakua, lenye kurasa nyingi kuliko maisha yake, ambalo lazima lijazwe, likaguliwe na vitufe vyake lenyewe, lijifunge kama kifurushi, ndipo lipandishwe kwenye iTax, tovuti ya KRA. Kompyuta ya kwanza ya saiba ilikataa vitufe. Ya pili ilikubali, ila ikatuambia tarehe tuliyoandika si tarehe. Mzee aliyekuwa nyuma yetu akatoka kwenda kunywa chai.

Kusuka kulimpa faida ya 216,000. Picha, tamasha pamoja na zile za maharusi anazochora mwaka mzima pale Nkubu, zilileta mauzo ya 138,600 na gharama ya 76,200. Faida 62,400. Jumla 278,400. Chini ya mstari kwa shilingi 9,600. Nikampiga bega nikamwambia twende.

Kijana wa saiba, ambaye kwa siku ile alikuwa amejaza marejesho mengi kuliko mimi maishani, akauliza bila kugeuka: "Hizo gharama ziko na eTIMS?"

Hapo ndipo hadithi ilipobadilika. Tangu tarehe 1 Januari 2024, kufuatia Sheria ya Fedha ya 2023, gharama ya biashara haitambuliwi kwenye ushuru wa mapato kama haina ankara iliyopitia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Umetumia pesa, kila mtu anaona umetumia, stika zenyewe ziko mezani, ila bila ile ankara yenye msimbo wa mraba, machoni pa sheria hukutumia. Zimeachwa nje gharama chache: mishahara, bidhaa zilizoagizwa kutoka nje, riba, tikiti za ndege. Tikiti ya ndege imo. Nauli ya matatu ya Nkubu haimo.

Tulilifungua tena daftari, safari hii na bahasha ya risiti. Waandalizi wa tamasha walikuwa wametoa risiti safi ya meza. Duka la Meru mjini anakonunua karatasi, safi. Mchapishaji wa River Road aliyekula 13,800, ambaye simtaji kwa sababu wako mia kama yeye, alikuwa ametoa kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari jingine, maandishi ya kalamu: "Paid". Bango, hakuna. Plastiki, hakuna. Nauli, tulishasema. Fremu za seremala, hakuna. Tulipojumlisha zilizokosa ankara, zilifika 21,000.

Toa 21,000 kwenye gharama. Faida ya picha ikapanda kutoka 62,400 hadi 83,400 bila yeye kuuza hata stika moja zaidi. Jumla ya mwaka ikawa 299,400. Imevuka mstari kwa 11,400. Asilimia 25 ya hizo ni shilingi 2,850.

Nimeandika mambo ya biashara kwa muda, na nimesikia malalamiko mengi kuhusu viwango vya ushuru. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kwa macho mtu mdogo akitozwa kwa sababu ya karatasi ya mtu mwingine. Kiwango hakikumuumiza, wala hajakataa kulipa. Kilichomgharimu ni kwamba aliyemchapia hakuwa kwenye mfumo. Wabunge walipopitisha kifungu kile walikuwa wakiwinda kampuni zenye ankara hewa za mamilioni, na sina ugomvi na uwindaji huo. Lakini wavu uliotegewa kiboko hushika pia dagaa, na dagaa hana wakili.

Kuna kilicholegezwa tangu hapo. Marekebisho yaliyoanza tarehe 27 Desemba 2024 yanasema kwamba muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 si lazima atoe ankara yeye. Anayenunua ndiye anaweza kuitoa kwa niaba yake kwenye mfumo. Kwa gharama za 2025, basi, mpwa wangu anaweza kumwandikia seremala ankara, mradi seremala akubali kutoa nambari yake ya PIN. Kwa wadogo kuna pia eTIMS nyepesi, ya eCitizen au ya kubonyeza *222# kwenye simu ya mulika mwizi. Lakini habari njema ya ankara ya mnunuzi ilikuja siku nne kabla ya mwaka wa 2024 kuisha. Ankara zake zilishachelewa.

Na ankara inamfuata hata anapokuwa yeye ndiye muuzaji. Mapema mwaka huo hoteli moja ya barabara ya Meru ilitaka aichoree ukuta wa mgahawa, mlima Kenya na simba wa mtindo wa Kijapani. Bei ilikubalika, rangi ilichaguliwa. Mwisho mhasibu wa hoteli akauliza ankara ya eTIMS, kwa sababu bila hiyo hoteli nayo isingehesabiwa gharama. Hakuwa nayo. Ukuta ukachorwa na mtu mwingine, na simba wake, kusema kweli, anafanana na mbuzi.

Wenye kuuza mtandaoni wana mlango wao. Tangu Julai 2023, anayemlipa mkazi wa Kenya kwa maudhui ya kidijitali, na sheria inataja kazi za sanaa humo ndani, anapaswa kukata asilimia 5 na kuipeleka KRA. Pendekezo la kwanza lilikuwa asilimia 15, likapunguzwa bungeni baada ya kelele. Ile 5 haimalizi hesabu: unaionyesha kwenye marejesho na kuipunguza kwenye ushuru wako wa mwaka, na kama hukudaiwa kitu, unadai urudishiwe. Mchoraji anayejaza nil huku amekatwa 5 anaiacha pesa yake serikalini, na wakati huo huo anajianika, maana mkataji alishapeleka jina lake.

Hayo ni ya serikali moja. Ya pili iko karibu zaidi, na huvaa sare. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, iliyapa magatuzi mamlaka ya leseni za biashara, na Kifungu cha 209 kikayapa haki ya kutoza ada za huduma yanazotoa. Salun ya mpwa wangu ina leseni ya Kaunti ya Meru, iko ukutani juu ya kioo. Siku aliyotundika printi tatu kando ya leseni hiyo, alianza kuwaza: karatasi hii ni ya kusuka, na picha je? Leseni hutolewa kwa kazi na kwa mahali. Leseni ya Meru haimvushi Nairobi, na ya salun haimgeuzi mchuuzi wa picha sokoni. Kwenye matamasha mambo haya mara nyingi huwa mikononi mwa waandalizi, ambao wamelipia ukumbi na kibali cha shughuli, na ada ya meza imebeba sehemu hiyo. Mara nyingi, si kila mara. Mchoraji mwenye busara huuliza kabla ya kulipia meza, tena kwa maandishi, kuliko kuulizwa na kanjo, askari wa kaunti, mlangoni akiwa na katoni kichwani.

Jina nalo lina sheria yake. Ukiuza kwa majina yako halisi, huhitaji kuyasajili popote. Mpwa wangu huuza kwa jina la usanii, nusu Kijapani na nusu Kimeru, na kulitumia jina la namna hiyo kibiashara kunataka usajili chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 499, kwa huduma ya BRS, ofisi ya usajili wa biashara, ndani ya eCitizen. Hakusajili mapema kwa sababu alidhani kusajili ndiko kunakozaa ushuru. Ndivyo wengi wanavyodhani. Ushuru ulishazaliwa siku ya stika ya kwanza. Cheti humsaidia tu kufungua akaunti na till yenye jina lile ambalo mashabiki wanalijua.

Majirani wanafanyaje? Tanzania, Desemba 2018, Rais Magufuli aliwagawia wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 za kwao, kwa kila mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Mwenye kitambulisho hakupaswa kubughudhiwa na mgambo. Vilikuwa na kasoro zake, na wengine walivinunua kwa kusukumwa, lakini wazo lilikuwa rahisi hata mama wa mihogo alilielewa: kadi moja shingoni, basi. Uingereza tangu Aprili 2017 humwachia mtu pauni 1,000 za mauzo kwa mwaka bila hata kuzitaja kwa mamlaka. Ndiyo hasa pesa ya meza ya hobi. Ireland ilikwenda mbali zaidi tangu 1969 kwa kuwasamehe wasanii wenye kazi asilia ushuru wa mapato, siku hizi hadi euro 50,000 kwa mwaka. Marekani, kwa upande mwingine, ni ya kutisha kuliko sisi: mapato ya hobi yanatangazwa yote, na tangu 2018 gharama zake hazikatwi.

Kenya haihitaji kuiga yeyote neno kwa neno. Mimi ningeridhika na jambo moja: mwenye mauzo ya chini ya milioni 1 aruhusiwe kukata sehemu fulani ya mauzo kama gharama, tuseme nusu, bila ankara yoyote. Serikali isingepoteza mengi, na saiba ya Nkubu ingefunga mapema.

Kuna jambo ambalo risiti haiwezi kulitatua. Wahusika anaowachora mpwa wangu ni wa watu. Kuna kampuni Japani yenye haki juu ya macho yale na nywele zile, na Kenya imo kwenye Mkataba wa Berne tangu 1993, kwa hiyo haki hiyo inalindwa Nkubu kama inavyolindwa Tokyo. Kulipa ushuru kwa picha ya mhusika wa mtu mwingine hakukupi ruhusa ya kumchora. Huko Japani kwenyewe mashabiki wameuziana vitabu vya namna hiyo tangu Comiket ya kwanza, Desemba 1975, na wenye haki wengi hufumba jicho. Jicho lililofumbwa lakini linaweza kufumbuka.

Labda kwa kuliogopa jicho hilo, au labda kwa kukua tu, ameanza kuchora vya kwao. Meza ya mwaka ujao itakuwa na Koomenjwe, kiongozi wa hadithi za Wameru, akiwatoa watu Mbwaa, bahari imegawanyika, wazee wamevaa ngozi na macho yao ni ya Kijapani. Nilimwonya kwamba hata hapo pana sheria, ile ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayotaka jamii ikubali kabla ya mali yake kutumiwa kibiashara. Akaniuliza nani wa kumwomba. Nikamwambia labda aanzie Nchiru, kwa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru. Alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akaandika kwenye daftari: "Nchiru, uliza."

Faili lilipanda saa tisa na nusu. Akalipa zile 2,850 kwa simu palepale, printa ikatoa karatasi ya kuthibitisha, na mzee aliyekuwa amerudi kutoka kunywa chai akasema "Nil" hata kabla ya kuketi. Kijana wa saiba alitutoza shilingi 300. Mpwa wangu alifungua daftari ukurasa mpya wa 2025, akaandika tarehe, akaandika "saiba 300", halafu kalamu ikasimama.

"Boss," akamuuliza, "hii utanipea risiti ya eTIMS?"

Kijana akageukia kompyuta.